Pijo ya Kijani Imevuka Manyovu

Jumamosi, Ujiji. Mvua ilinyesha alfajiri ikakata kabla ya saa mbili, na tangu hapo anga limekuwa jeupe. Nimerudi nyumbani jioni hii nina tope mpaka kwenye nyusi, mgongo unauma, sauti imekauka. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Kwa aliyefungua ukurasa huu kwa mara ya kwanza: mimi ni Riziki, yule mwimbaji. Wengine wananijua kwa nyimbo za harusi, wengine kwa magazeti ya udaku yaliyonibatiza Malkia wa Vyuma Chakavu. Sikukasirika. Ni kweli nina banda nyuma ya nyumba lenye magari na pikipiki zilizonizidi umri, na ni kweli pesa yangu ya kwanza ya maana ya muziki niliitumia kununua Vespa isiyo na injini.

Wenzangu walinunua dhahabu.

Nilikulia mtaa huu huu nikiyatambua magari kwa mlio kabla hayajakata kona. Landrova ya hospitali, lori la mkaa, gari la padri. Mama akinituma dukani nilikuwa nakawia kwa sababu mtu fulani amefungua boneti njiani. Sikuacha nilipokua, wala sikuacha nilipopata jina. Gari la zamani halikufichi kitu. Likiumwa linasema, ukilisikiliza linapona. Watu wachache wako hivyo, na mimi si mmoja wao.

Mwaka jana nilinunua Pijo 404 ya kijani, ile ndefu yenye safu tatu za viti, kwenye yadi moja ya Mwandiga. Mwenye yadi alikuwa amefariki na wanawe walikuwa wakiuza kila kitu kama chuma chakavu. Ilikuwa imelala pale tangu Warundi walipoanza kukimbilia kwetu kwa wingi, zaidi ya miaka kumi, na kuku walikuwa wakitagia kiti cha nyuma. Niliipenda mpaka nikajionea haya. Gia zake ziko kwenye usukani. Nimeizunguka nchi hii nikitafuta gari la namna ile, kumbe lilikuwa karibu na nyumbani kwangu muda wote huo.

Siku ya kuisafisha nilikuta bahasha ya plastiki chini ya zulia la dereva. Ndani yake mlikuwa na kadi ya gari na leseni ya udereva ya Burundi, yenye picha ya mwanamke wa uso mpana aliyemkazia macho mpiga picha kama mtu anayecheleweshwa kazini. Jina, Godeliva. Kazi, mkunga.

Nikaitia bahasha kwenye droo yangu. Sikumwambia mtu.

Huo ni ukweli wa kwanza. Wa pili ni mbaya zaidi.

Miezi michache baadaye nilialikwa kuimba kambini, upande wa Kasulu, kwenye sherehe ya kuwaaga waliojiandikisha kurudi kwao. Onyesho lilipokwisha, mama mmoja mtu mzima alinifuata nyuma ya jukwaa. Nilimtambua kabla hajafungua mdomo. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yale yale ya kwenye leseni.

"Amahoro, mwanangu," alisema. "Nasikia unapenda magari ya zamani. Hujapata kuona Pijo ya kijani pale Mwandiga? Niliiacha huko tulipokuja."

"Hapana, mama," nikajibu. "Sijaiona."

Akanishukuru. Akanitakia safari njema.

Nimesimama mbele ya maelfu ya watu bila kutetemeka. Siku ile nilitembea hatua ishirini mpaka kwenye gari langu, nikaondoka bila kumuaga aliyenialika.

Kwa wiki kadhaa sikuimba vizuri. Mpiga gitaa wangu aliniuliza kama naumwa. Nilijiambia nimeinunua Pijo kihalali na nina risiti. Nilijiambia mama yule hana barabara ya kuendeshea, kambi ni kambi. Nilijiambia mengi, mpaka nikachoka na sauti yangu mwenyewe. Asubuhi moja nikaitoa bahasha kwenye droo nikaendesha mpaka kambini.

Nilimkuta akipepeta maharage mbele ya nyumba yake ya udongo. Nilimwamkia, nikampa bahasha kwa mikono miwili, nikamweleza yote, na uongo wangu nikauweka humo humo. Nilitegemea matusi. Yeye aliitoa leseni, akaitazama picha yake kwa muda mrefu, akaifuta kwa pindo la kitenge.

"Nilijua," alisema.

"Ulijuaje, mama?"

"Mtu anayependa magari hasemi hapana upesi vile. Angeniuliza kwanza ni Pijo gani."

Akacheka. Mimi nikalia. Akanisukumia ungo mwingine, tukapepeta wote.

Ndipo aliponisimulia. Siku waliyokimbia Nyanza-Lac aliwapakia watu kumi na mmoja ndani ya Pijo, mmoja wao mjamzito aliyekwisha shikwa na uchungu. Alipanda milima nao, akavuka Manyovu, na upande wetu wa mpaka akaegesha pembeni mwa barabara akamzalisha yule mama palepale, kwenye safu ya tatu ya viti. Mtoto wa kike. Kisha akarudi kwenye usukani akaendelea. Injini ilizimika Mwandiga na haikuwaka tena. Malori yakaja kuwachukua watu kwenda kambini. Mwenye yadi akamwahidi kulitunza gari, na alilitunza mpaka kufa kwake.

Zamu yake ya kurudi kwao ilikuwa imekaribia. Mabasi yalikuwa yamepangwa.

"Nilikuja naendesha," alisema. "Sipendi kurudi nimebebwa."

Sikufikiri. Nilimwambia atarudi anaendesha.

Fundi wangu anaitwa Kassim, mtu mzima wa hapa hapa Ujiji, ambaye hajawahi kukubali kazi bila kulalamika kwanza. Alilizunguka gari mara mbili. "Dada Riziki, hili ni gari la kupigia picha," aliniambia. "Wewe unataka lipande Manyovu na tope hili?" Lakini aliingia chini yake siku hiyo hiyo.

Mama Godeliva alipewa kibali cha kutoka kambini mara mbili kuja kuona kazi. Alikaa kwenye stuli, mkoba mapajani, akisikiliza tu. Mara ya pili, injini ilipowaka na kuanza kukohoa, alisema kabureta inavuta hewa. Kassim alisema haiwezekani, ameifunga mwenyewe. Walibishana kwa adabu kama nusu saa. Kassim akaifungua, akaifunga upya, akaagiza kahawa ya watu wawili.

Ofisa aliyesimamia msafara alisoma kadi ya gari na leseni, akaandika barua. Gari likifika mpakani leo kabla ya saa nane mchana, litavuka na mwenyewe. Likichelewa, mama atapanda basi na wenzake, na gari litabaki kwangu.

Litabaki kwangu. Nimeiandika tena kwa sababu niliirudia pia kichwani, leo, njiani.

Tuliondoka asubuhi. Upande huu ilibidi niendeshe mimi, kwa kuwa ndivyo barua ilivyosema. Mama Godeliva alikaa kando yangu amevaa gauni la buluu na kilemba kipya. Kassim alitufuata na pikipiki yangu ya zamani, vifaa vimefungwa nyuma. Na Pijo ikaenda. Jamani, ilikwenda. Ukiishika ile gia ya usukani na kuivuta chini, inaingia bila kukwaruza, halafu gari lote linainua kifua. Kule Mwandiga watu waliacha kahawa zao wakasimama. Nimepigiwa makofi mengi maishani, lakini yale ya leo hayakuwa yangu, na nilikuwa nacheka peke yangu kama mtoto.

Milima ilipoanza nilikaa gia ya pili. Tope lilikuwa linatuvuta kushoto, Pijo inajirudisha. Tukapanda mmoja, tukapanda wa pili. Kwenye wa tatu sindano ya joto ikainuka, mvuke ukatoka chini ya boneti, nikaegesha.

Mpira wa rejeta ulikuwa umepasuka. Maji yote yalikuwa barabarani.

Nitaandika jambo ambalo sijamwambia hata Kassim. Moyo wangu uliruka kwa furaha. Kwa muda wa pumzi moja niliiona Pijo bandani kwangu, imeng'arishwa, yangu, na hakuna wa kunilaumu.

Halafu nikamtazama Mama Godeliva. Hakulalamika wala hakuuliza. Alikuwa ameshika mkoba wake akitazama mbele, ametulia, kama mtu aliyekwisha jiandaa kubebwa.

Nikashuka mbio.

Kassim alikata tyubu kuukuu vipande virefu akaanza kuufunga mpira, safu juu ya safu. Kilichobaki ni maji. Kina mama watatu walikuwa wanapandisha kutoka bondeni na ndoo vichwani. Niliwaamkia kwa Kiha, nikaomba. Mmoja alitua ndoo akaniangalia kwa makini.

"Wewe si Riziki wa redioni?"

"Ndiye mimi."

"Basi imba. Maji haya tumeyapandisha mlima, hayatoki hivi hivi."

Nina meneja anayenikataza kuimba bila mkataba. Nikaimba. Niliimba wimbo wangu wa bibi harusi wote, na kiitikio nikakirudia mara tatu, miguu imezama topeni, bila gitaa wala kipaza sauti. Wale mama wakaitikia. Mama Godeliva akashuka garini, akaanza kupiga makofi kwa mapigo ya kwao, ya haraka kuliko yetu, na wimbo ukabadilika ukawa mzuri zaidi kuliko nilivyourekodi. Waliokuwa mashambani wakaja. Ndoo zikawa saba. Kassim akamimina maji taratibu, akasubiri, akainua kidole gumba.

Ikawaka kwa jaribio la kwanza.

Sijui nilipandaje kile kipande cha mwisho. Nakumbuka mikono yangu ikiuma na Mama Godeliva akisema, "Usiibane, iache ipumue, sasa kanyaga." Tuliingia Manyovu mabasi yamekwisha jipanga. Watu walituona kwanza kupitia madirishani, vigelegele vikaanza basi la mwisho vikasogea hadi la kwanza. Ofisa aliangalia saa yake. Ilikuwa saa nane kasoro dakika tano. Akagonga mhuri juu ya boneti yenyewe, ya moto vile vile.

Msichana mmoja alishuka basi la pili, mrefu, amesuka mabutu. Hakuna aliyemwita. Alifungua mlango wa nyuma wa Pijo akaingia mpaka safu ya tatu, akaketi. Sikuhitaji kuuliza ni nani.

Nilimpa Mama Godeliva funguo. Alisogeza kiti mbele, akarekebisha kioo, akaijaribu klachi kwa mguu mara mbili.

"Klachi hii umeizoesha vibaya," aliniambia.

"Nisamehe, mama."

"Nimekwisha kukusamehe. Urakoze cane, asante sana, mwanangu."

Akaingiza gia. Kizuizi kikainuliwa, na Pijo ya kijani ikavuka ikitangulia mabasi yote, mwenyewe akiwa kwenye usukani. Alipiga honi mara moja tu, kuwaondoa mbuzi njiani. Hakugeuka nyuma, na mimi nilimshukuru kwa hilo, maana uso wangu haukuwa wa kutazamwa.

Nimewahi kupewa tuzo. Zipo sebuleni, zinafutwa vumbi. Hakuna hata moja iliyonifanya nijisikie nilivyojisikia pale kwenye kizuizi, mikono mitupu, sina gari la kurudia.

Tulirudi na pikipiki, mimi mbele, Kassim nyuma amekumbatia mfuko wa spana, akinung'unika kwenye kila kona kwamba nakimbia mno. Nilikimbia kweli. Milima ikafunguka, ziwa likaonekana lote mpaka ng'ambo ya Kongo. Pale Mwandiga wazee wa kahawa walitusimamisha.

"Gari liko wapi?" wakauliza.

"Limekwenda kwao," nikawaambia.

Sasa nimeoga, nimekaa mlangoni mwa banda. Sakafuni ilipokuwa Pijo pana doa la oili na manyoya mawili ya kuku. Nilidhani nitasikia uchungu. Nasikia njaa tu.

Kassim anasema kuna pikipiki ya zamani Ilagala, imeegemezwa ukutani kwenye nyumba moja karibu na mto, haijatembea miaka mingi, lakini tangi lake halijapata kutu. Mkono unaniwasha tayari, siwezi kusema uongo. Kesho nakwenda kuiona, na nitaanza kwa kubisha hodi.