Ganda la Karanga Juu ya Jina Langu

Mama Diarra mpendwa, mshauri wetu wa kila Jumatano,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, nimebanwa, na usicheke kwanza, maana najua akina Diarra na akina Kone, watani wetu sisi akina Traore, ni sufuria moja ya maharage, lakini hapa Segou sina mwingine wa kumwuliza. Mimi ni Seriba Traore, mpiga picha, shule tuliachana darasa la saba bila ugomvi, ila kwa kamera hakuna kijana wa rika langu anayenifikia, waulize hata wanaonichukia.

Ufundi nilijifunza kwa mzee Zan Kone, yule mwenye studio ya mlango wa kijani karibu na soko, na anavyofundisha, Mama, sijaona kwingine: unampelekea picha, anailaza juu ya mkeka kando ya chai, anamenya karanga, na kila kitu ambacho picha ingeweza kuishi bila kuwa nacho anakifunika kwa ganda. Picha yangu ya kwanza ilikuwa ya shangazi kakalia pikipiki, kashika redio, maua ya plastiki huku, saa ya ukutani kule, na mbuzi aliyejileta mwenyewe, mzee akaweka maganda mpaka likabaki jicho moja la shangazi, akasema, "Traore, umeijaza kama unavyojaza sahani ya maharage. Toa!" Nikamjibu, "Mzee Kone, aliyezaliwa ndani ya gunia la maharage ni nani?" Tukacheka mpaka chai ikamwagika, maana sisi ni watani toka kwa mababu, matusi ndiyo salamu yetu, na tusi kuu ni kuitana mla maharage. Miaka mitatu ikaenda hivyo, alasiri baada ya alasiri, chai ikichemshwa mara tatu kama desturi yetu, glasi ya kwanza chungu, ya tatu tamu, maganda yakipungua, saba, matano, mawili, na mimi nikijifunza kuacha ukuta uwe ukuta na anga liwe anga.

Basi mwezi uliopita nikapiga picha ya birika la bibi yangu, lile la plastiki la kutawadhia lenye mistari, liko peke yake chini ya ukuta wa udongo mwekundu, bibi ametutoka msimu wa mvua na hakuna aliyethubutu kulihamisha. Ukuta na birika, basi. Ijumaa inakwenda kwenye maonyesho ya vijana wa mji. Nikampelekea mzee mbele ya wateja, nikijua safari hii hana pa kuweka ganda, akaisogeza karibu na pua, maana macho yake yana ukungu siku hizi, akaitazama mpaka glasi yake ikapoa, akaweka ganda moja tu, kwenye kona, pale nilipoandika kwa herufi nyeupe nene SERIBA TRAORE MFALME WA PICHA. Akasema, "Traore kaenda kumlilia bibi yake, kabeba na sahani yake ya maharage." Wateja wakavunjika mbavu.

Sijui nilipandwa na nini. Nikayapangusa maganda yote yakaingia kwenye chai, nikasema, "Macho yako yamekwisha, mzee, ndiyo maana unaona kasoro tu." Nikangoja anitukane. Hakunitukana. Alisema taratibu, "Nisamehe, kijana."

Mama, mtani akikuomba radhi umebaki na nini? Sasa nikipita ananisalimu kama mgeni, "Habari za nyumbani, bwana Traore," hakuna maharage, hakuna chochote. Jumapili anafunga studio, anahamia Sikasso kwa binti yake. Je, nilifute jina, na nikilifuta watu watajuaje kwamba ni mimi? Na nitarudije pale mlangoni? Natamani anitukane tena.

Seriba Traore, mfalme wa picha (bado)

*

Seriba, mla maharage,

Pole kwa bibi yako. Nimemaliza pole, sasa keti.

Miaka mitatu mzee anakufundisha kutoa. Ukatoa redio, ukatoa maua, ukamtoa hadi mbuzi, ukakataa kutoa kitu kimoja tu: wewe. Mtu akilitazama birika lile anataka kumkumbuka aliyelishika, halafu kuna mfalme anampigia kelele kwenye kona! Mzee mwenye ukungu machoni aliliona hilo. Wewe mwenye macho mazima hukuliona. Tena ukamkasirikia mtani wako mbele za watu, kwa jambo alilokupa kwa kicheko ili lisikuume. Hivi kwenu hamkufundishwa kwamba mtani hakasirikiwi?

Sikiliza. Lifute jina leo. Liandike kwa penseli nyuma ya karatasi, kama mzee alivyopiga muhuri wake nyuma ya kila picha maisha yake yote; atakayeipenda picha ataigeuza. Kesho alasiri, wateja wakiwepo, maana ulimwaibisha mbele yao, nenda na karanga ambazo hazijamenywa na sukari ya glasi ya tatu. Usiingie umeinamisha kichwa ukinong'ona samahani, mtabaki wageni wawili wenye adabu. Simama mlangoni umtukane kwa sauti: "Kone, umezeeka vibaya, maharage ya Segou umeyamaliza, sasa unakimbilia ya Sikasso!" Akikujibu, umerudi nyumbani. Asipojibu, keti, menya karanga, mtukane tena. Kone gani anaweza kunyamaza mara tatu? Radhi umwombe baadaye, mkiwa mnatafuna, na iwe kwa lile la macho yake. Lile halikuwa utani.

Halafu mpe picha. Kama haioni vizuri, mwambie kilichomo. Ukuta. Birika. Ukijikuta unaongeza neno la tatu, bado kuna kitu cha kutoa.

Na barua yako nimeisoma nikimenya karanga, sisi akina Diarra hatuna siri. Ufundi wako, rika lako, wanaokuchukia, ufalme wako, vyote nimevifunika. Maganda yameniishia ikabaki sentensi moja, ile ya kutamani, ya mwisho kabla ya jina lako. Nenda na hiyo.