Mawese Meupe

Bungulu, Beni, Jumatatu

Kwa Mama Masika, mama yangu mpendwa,

Mmeamkaje huko Butembo? Goti lako linavumilia baridi? Sisi huku tunapumua, watoto wanasoma. Ninaandika barua kwa sababu baba akishika simu huweka sauti kubwa mtaa wote usikie, na haya sitaki ayasikie hivyo.

Mama, ninaogopa.

Juma lililopita akina mama wa kanisa tulienda kupimwa damu. Muuguzi aliangalia karatasi yangu, akauliza kama nyumbani kuna aliyekufa kwa moyo. Nikamjibu kwamba ni mume wangu. Alitua gunia la viazi mlangoni, akaomba maji, na niliporudi na kikombe alikuwa amekwisha kukata roho.

"Mulikuwa munakula nini, mama?"

"Sombe ya majani ya muhogo, maharage, na mawese mingi. Lakini mawese safi, ile ya kuchoma mpaka inakuwa nyeupe."

Akaweka kalamu chini. "Nani alikufundisha kuichoma?"

Sikukutaja.

Alinieleza polepole. Mawese yana mafuta mazito, yale yanayoganda asubuhi ya baridi. Mtu akiyala mengi kila siku, ini linashindwa kuyaondoa yote kwenye damu. Yanabaki yakizunguka, na humo ndani yanaharibika taratibu, kama mafuta ya zamani yanavyoanza kunuka kwenye chupa, kisha yanashika kwenye mishipa na kuiziba.

"Na ile rangi nyekundu ndiyo inasaidia mafuta isiharibike," alisema. "Ninyi munaichoma kwanza, moshi inajaa nyumba, munasema sasa ni safi."

"Basi ni mimi nilimuua?"

"Hapana, mama. Sisemi vile. Moyo haifi na kitu moja tu. Lakini damu yako iko na mafuta mingi. Tuanze na wewe."

Unakumbuka marehemu Baba Elisha ndiye aliyetaka meupe. Tone moja jekundu lilimwangukia kwenye shati la kwaya, akaimba ibada nzima mkono ukiwa kifuani. "Kavira, unataka kanisa yote ijue tulikula sombe?" Tangu siku ile nikayachoma yote, kama ulivyonionyesha kabla ya harusi, sisi wawili tukikohoa na kucheka katika moshi.

Sasa kila nikilala ninamwona baba. Nilipokuja kwenu Pasaka, alisimama mara tatu akipanda kutoka shambani, mkono kifuani. Nilipomuuliza alicheka: "Mie niko muzima. Kilima ndiyo imezeeka." Mume wangu naye alikuwa akisimama hivyo. Nilidhani ni uchovu, nikamwongezea chakula.

Sikulaumu, Mama. Tulidhani ndivyo tunavyowatunza. Ile chupa ya mawese meupe uliyonitumia ninajua ulivyohangaika nayo kwenye moto, lakini sijaweza kuifungua, wala kuimwaga. Ninakuomba usiyachome tena. Tia mekundu, kijiko tu, na yaliyokwisha kukaangiwa usiyarudie. Na umpeleke baba apimwe juma hili, kabla hajaanza kulima. Akikataa, mwambie ni wewe unayeogopa kwenda peke yako. Kwa hilo hatakataa.

Ningekuja mwenyewe, lakini jana magari yalirudi kutoka njiani kwa hofu ya wenye silaha. Mzee Saidi, jirani yetu dereva, anasema kesho atajaribu. Ninaandika haraka nimpe kabla hajabadilisha mawazo. Akifika, mpe neno moja tu la kunirudishia: baba amepimwa, au bado.

Nisalimie dada Masika, mkubwa wetu, na kaka Mbusa na mbao zake, na mama mdogo mshonaji. Wajukuu wanawasalimu, Elisha sasa ana sauti ya baba yake.

Asubuhi mnapoomba, baba akiwa bado nyumbani, mnitaje kwa jina. Mnikumbuke.

Mwanao,
Kavira