Mwethya Bila Mwaliko

Kwa dada yangu mpendwa Kathini,

Pokea salamu zangu kutoka chuoni. Natumaini mvua imefika huko kijijini Tulia, mama hakohoi tena, na duka lako la dawa za mifugo lina wateja. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo ndio umenilemea.

Ujumbe wako niliupata. Ulisema ile programu uliyoiunda mwenyewe, ya kuwatangazia wakulima bei ya ndengu kwa Kikamba, imechukuliwa na kampuni ya Nairobi. Wameibadili jina, wakaifunga, na sasa majirani zako wanatozwa kusikiliza sauti yako. Ukasema mwizi ni Yarow, mwuza mbuzi, maana ndiye aliyekulindia duka na kompyuta ulipokwenda matangani Kathonzweni. Ukamfukuza kibarazani mbele ya soko zima.

Dada, unanijua kwa hotuba. Mwezi uliopita nilinguruma mbele ya wanafunzi: nani aliyezungushia fikra ua? Nani aliyeipa hesabu hatimiliki? Nikasema programu iwe kama mwethya wetu, wanakijiji wakilima shamba la huyu leo, la yule kesho, bila kudaiana jasho. Walinibeba mabegani. Nzilani pekee, binti kutoka Nunguni ninayesoma naye, alibaki ameketi. Baadaye aliniuliza ni lini niliona mwethya ukiingia shamba la mtu asiyeuita. Nikamwita kibaraka wa mabepari. Akacheka, akasema angalau kibaraka hubisha hodi.

Si Yarow, dada. Ni mimi. Nilipokuja likizoni niliinakili programu yako, na siku ya hotuba nikaiweka wazi mtandaoni ili umati uone mfano. Sikukuomba. Sikuweka sharti lolote la kuilinda. Mimi ninayehubiri haki ya mfanyakazi, hata jina lako sikuliandika. Nilidhani nabomoa ngome ya mabepari. Kumbe niliwafungulia boma lako.

Tena niliposoma kwamba unamshuku Yarow, nilishusha pumzi, nikanyamaza. Hiyo ndiyo aibu inayonila.

Tafadhali mwite, umwambie hana hatia. Radhi nitamwomba mwenyewe. Siku ya soko nitasimama pale pale ulipomfukuzia, niseme kwa sauti ile ile niliyoshangiliwa nayo. Kuhusu kampuni ile, sitahutubia wala kugusa chochote hadi wewe uniite.

Mfikishie mama salamu. Haya mengine nitamweleza kwa kinywa changu.

Mdogo wako,
Mutunga