Siku Niliyokataa Kulinda Mlango

Jumatatu, mchana. Jua limetoka ila halina joto. Ni lile jua la Julai la hapa Sydney, la kutazama tu. Nimevaa soksi mbili, na leo siendi kazini. Nimelala hadi mwanga ukanikuta kitandani.

Nimeshusha pumzi.

Acha niandike yote, hata yale yanayonitia aibu.

Ijumaa Mama Furaha alinipigia simu. Ni Mkongo, anafanya kazi kwenye ghala, na huwa tunasali pamoja katika ukumbi mmoja kule Lidcombe. Binti yake Furaha ana miaka ishirini na mmoja, anasoma chuo cha ufundi Campbelltown. Wiki tatu msichana hakuwa akilala. Alichomoa friji kwenye umeme kwa sababu, alisema, ilikuwa ikimwita kwa jina. Kisha akaanza kukataa chakula cha mamake.

Akina mama wa kikundi cha maombi walikuwa wameshaamua. Jumapili baada ya ibada Furaha angefungiwa kwenye chumba cha nyuma cha ukumbi, afunge na kuombewa siku tatu, bila daktari wala dawa. Kilichobaki ni mtu wa kukaa mlangoni asitoroke.

"Wewe unazoea watu wa namna hii," Mama Furaha aliniambia. "Na uko na nguvu. Utatusaidia, mama?"

Nilisema ndiyo.

Mimi ninayelipwa kuhudumia wagonjwa wa akili, nilisema ndiyo. Sikutaka kuonekana mtu asiye na imani. Na ukweli mwingine ni huu: kanisa lile ndilo jamaa yangu hapa. Wakinigeuzia mgongo, Krismasi nitakula na nani?

Lakini simu ilipokatika nilibaki nimekaa ukingoni mwa kitanda nikimwona senge Rasoa.

Senge ni shangazi, kwetu Bungoma. Rasoa alikuwa dada ya baba. Nilipokuwa na miaka kumi na sita alianza kuongea na watu tusiowaona, akapelekwa kwenye nyumba ya maombi. Huko walimfunga mnyororo kwenye kifundo cha mguu, upande wa pili ukazungushwa kwenye nguzo. Mimi nilipelekwa nikampikie. Ufunguo wa kufuli nilipewa mimi, niuvae shingoni.

Siku moja mvua ilinyesha kwa upepo, ikamlowesha pale pale alipokuwa. Aliniita kwa jina langu la utotoni, akaniomba nimfungulie asogee tu, asogee mahali pakavu. Mhubiri alikuwa ametuambia kwamba sauti ile si yake. Nikamwacha alowe. Nilisimama barazani, ufunguo shingoni, nikaimba pambio.

Alikaa pale miezi saba. Walioniondolea mzigo ule walikuwa watawa wa misheni; walikuja na gari, wakamchukua, wakampa vidonge na kitanda. Aliishi miaka mingi baadaye, akiuza mboga sokoni, akichechemea. Hakuwahi kuniuliza lolote. Nami sikuwahi kumwomba msamaha hadi alipozikwa.

Jumamosi nilikuwa na zamu kazini. Nyumba ninamofanya kazi ilianzishwa na watawa zamani sana, na mmoja wao, Sista Monika, bado anaishi jengo la pembeni. Ni mzee sana sasa, na huja kunywa chai na wakazi wetu. Siku hiyo aliniona uso umenishuka, akaniuliza kunani. Nikamweleza habari za Furaha, za chumba na mlango.

Nilidhani atanishangaa. Badala yake aliniambia kwamba alipoingia utawa akiwa msichana, kazi yake ya kwanza ilikuwa kufunga makomeo ya vyumba vya wagonjwa jioni. Waliomtangulia walitumia majoho ya kuwafunga wagonjwa mikono, na kuwamwagia maji baridi. Walisali kabla na walisali baada.

"Tulifanya kwa upendo," alisema. "Ndiyo maana tulichelewa sana kuacha."

Nilienda kubadilisha mashuka.

Jana, baada ya ibada, akina mama wanane walikuwa wamekusanyika, na Furaha ameketi katikati yao na koti lake, akichuna kucha. Kiti changu kilikuwa kimewekwa tayari karibu na mlango.

"Sikai pale," nikasema.

Kisha nikawasimulia senge, mnyororo, mvua, na ufunguo ulikuwa kwa nani. Sikuwa nimewahi kumwambia mtu hayo, hata marehemu mume wangu. Mama Furaha alinijia juu.

"Kwa hiyo unasema kuomba ni bure? Mungu hana kazi?"

"Sijasema hivyo, mama. Nasema mtoto huyu ni mgonjwa, na hospitali iko karibu. Senge wangu aliombewa miezi saba, na mguu ukaoza."

Nilijua nimeshapoteza watu wangu. Ndipo mchungaji, aliyekuwa amesimama nyuma muda wote huo, akachukua funguo za gari mezani.

"Mama Furaha, leta koti yako," alisema. "Tutaomba njiani."

Na kweli aliomba, mikono kwenye usukani, macho wazi, hadi tukafika hospitali. Tulingoja kwa muda wa saa nne. Muuguzi alimsemesha Furaha polepole, akamuuliza yeye mwenyewe anataka nini, akaandika. Furaha alipopata kitanda, mamake alitoka kujaza fomu na mchungaji, nikabaki naye peke yangu.

Furaha hujibu Kiswahili kwa Kiingereza, siku zote. Akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza kama mimi ndiye ningekaa mlangoni.

Nikamwambia ndiyo, ndiye mimi. Nisamehe.

Alifikiri kidogo. Akasogeza miguu yake, akanipa nafasi ya kuketi kitandani. Dakika kumi baadaye alikuwa amelala, mdomo wazi kama mtoto.

Nililia. Sikujaribu kujizuia.

Leo asubuhi Mama Furaha alinipigia. Binti amelala usiku mzima, amekula mkate na jemu. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaruhusiwa kuomba pale kando ya kitanda. Nikamwambia aombe, ila asipige kelele, kuna wenzake wamelala. Alicheka! Tulicheka wote, kisha akasema, "Asante, dada." Alikuwa hajawahi kuniita dada.

Sijidanganyi. Nimewaona wanaopata nafuu, wakarudi nyuma, wakaanza upya. Safari ni ndefu, na baadhi ya akina mama wale hawajapokea simu zangu.

Jumatano tunaenda kumwona. Furaha ameomba kitana na mafuta ya nywele. Mamake atakuja na Biblia, mimi nitakuja na kitana cha meno mapana. Nywele zile zimejisokota wiki tatu nzima. Tutaanzia nchani, polepole, tusimuumize.