Mafunzo ya Upande wa Pili

Jumatatu, 9 Machi

Muuguzi wa hospitali ya upande wa pili, tunayoshirikiana nayo, ameanza kazi kwetu. Tumeshambatiza Kipaza – akiongea wodini anasikika getini. Cheti chake kimepokelewa bila swali. Ndiyo makubaliano mapya ya huu utafiti wa dawa: aliyefundishwa kwao hafundishwi tena kwetu, na sisi kwao vivyo hivyo.

Kwenye chai akaninong'oneza (ananong'ona, ajabu!): mshiriki akibanwa pumzi baada ya sindano, tunaanzia wapi? Nikacheka. Si nyie ndio mnaofundisha dharura? Akasema kwao waliambiwa ni sisi.

Chai ikanipalia.

Jumanne, 10 Machi

Nimemuuliza mratibu wa utafiti. Eti mafunzo yalifanyika, vyeti vipo. Wapi? Kwa nani? Akasema nisimtie kiwewe, dozi ya kwanza ni Ijumaa na haisogezwi. Nikaenda stoo kumtafuta mdoli wa mazoezi, yule tunayechangia na wenzetu. Yumo ndani ya boksi, hata utepe wa gundi haujabanduliwa. Hakuna aliyemgusa. Si sisi wala wao!

Jumatano, 11 Machi

Fundi cherehani amekuja kuweka sahihi ya kushiriki utafiti. Yeye ndiye wa kwanza kuchomwa. Mama wa watoto watatu, mcheshi, kaikosoa sare yangu kwamba pindo limekaa upande. Kisha akauliza, nikizidiwa je, mwanangu? Nikamjibu tupo, mama. Akasema basi, ananiamini mimi.

Ningemwambia nini? Mkataba wangu unaisha mwezi huu. Mwoga mkubwa mimi.

Alhamisi, 12 Machi

Tumejifungia stoo na Kipaza, tukamfungua mdoli. Yeye adrenalini, dawa ya kufungua pumzi, akaichoma begani, mimi pajani. Tukabishana kama wake wenza. Maelekezo yanasema paja. Na dozi? Kila mmoja ana kiasi chake! Tukampigia daktari wa utafiti. Akasema tulieni, kesho nitakuwepo, nitawaelekeza hapo hapo kitandani. Nikashusha pumzi kidogo.

Nyumbani dada kasema nimekonda uso. Nikamwambia ni joto.

Ijumaa, 13 Machi

Daktari hayupo. Kaitwa chumba cha upasuaji, ruhusa katoa kwa simu. Nikasema tumsubiri. Mratibu akanitazama tu – nikameza maneno. Nimeyameza, Mungu wangu!

Sindano imeshaingia. Naandika nimekaa kando ya kitanda, tunamwangalia mshiriki kwa nusu saa, ndivyo utaratibu ulivyo. Fundi anatupigia hadithi za bwana harusi aliyenenepa suti ikiwa tayari. Kipaza anacheka kwa sauti kubwa kuliko kawaida. Daktari hapokei simu. Nimempigia tena.

Fundi kanyamaza katikati ya hadithi. Anajikuna shingo. Anasema hamna kitu, koo tu linawasha.

Nimemtazama Kipaza. Kipaza ananitazama mimi.