Hesabu ya Ugali wa Baba Akinyi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepima unga tena. Baba Akinyi amenuna. Anune. Tangu waliposema kliniki kule Migori kwamba ana sukari, jikoni kwangu kalori ndizo zinazotawala. Elfu moja na mia sita kwa siku, basi. Dada wa lishe alinionyesha kwa mkono: ugali usizidi ngumi, mboga nusu sahani, samaki wa kuchemsha. Na vidonge bila kukosa. Mimi sibembelezi mtu. Mume ninaye mmoja tu.

Alhamisi, 6 Machi

Amerudi kutoka machimboni Masara mikono ikitetemeka. Jasho baridi. Eti ni jua. Shimoni kuna jua gani? Akaniita kwa Kijaluo chetu, "Min Akinyi, hii kuon ni ya mtoto." Sikumwongezea ugali. Nadhani mwili bado unazoea.

Jumapili, 9 Machi

Suruali zimemlegea. Jirani ananiuliza kama nimeanza kumnyima. Watu wana midomo! Lakini naogopa. Kule wanashuka na kupanda kwa kamba, na kamba inataka mikono yenye nguvu. Nimfuate nani, jirani au kliniki?

Jumanne, 11 Machi

Ameanguka. Alikuwa anapanda, amekaribia juu, mikono ikakataa kamba. Mwenzake aliyekuwa chini yake alimkinga kwa bega, wakabanwa ukutani wote wawili. Walipomtoa hakujua hata jina lake. Wakamnywesha soda, akarudi kuwa mtu. Goti limechunika tu. Ningekuwa mjane kwa ajili ya ngumi ya ugali. Nimelia. Kisha nimekasirika, sijui nimemkasirikia nani.

Jumatano, 12 Machi

Tumerudi kliniki. Huku kwetu hospitali mtu huenda na nguo za Sabato, na mara ya kwanza suti yake niliipiga pasi mwenyewe. Leo nilimkataza. Alienda na matope ya shimo hadi kwenye nyusi. Dada wa lishe akamkodolea macho.

"Mzee, si uliniambia wewe ni mfanyabiashara?"

"Ndiyo. Biashara ya dhahabu."

Wachimbaji wote husema hivyo. Hakuna anayependa kuandikwa mchimba shimo. Basi dada alimpigia hesabu ya mtu anayeshinda kwenye kiti dukani, na vidonge juu yake. Umri, uzito, urefu, vyote alisema kweli. Kazi ndiyo iliyoharibu hesabu. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya watu.

Daktari amepunguza vidonge. Siku za kuchimba kalori zinakaribia mara mbili, na asishuke kabla ya kula. Siku za kupumzika, sahani ndogo. Juma hili haendi shimoni kabisa.

Jumamosi, 15 Machi

Kanisani, kisha nyumbani. Samaki, mboga ya osuga, ugali. Sahani ndogo, kwa kuwa amepumzika. Hakulalamika. Akauliza yangu mimi ni kalori ngapi.

Sijui. Natwanga mawe ya dhahabu, nabeba maji, nauza dagaa wa omena sokoni. Hakuna aliyewahi kunipigia hesabu. Nikamwambia hivyo hivyo.

Akamega ugali wake, akaniwekea. Nikamwambia asituvurugie hesabu, lakini niliula. Nilikuwa na njaa kweli.