Siku Uliponikana Mbele ya Wazazi wa Koboko

Kaka Rashidi,

Natumaini Juba imekupokea vizuri. Mama anasema huniulizia kila ukipiga simu, nami humwambia akujibu kwamba nipo. Leo naandika kwa sababu kuna jambo nimemwambia binti yako, na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine.

Ni wewe uliyeniingiza katika kikundi cha vijana pale Koboko. Nilikuwa nimemaliza shule, nakaa nyumbani nikikaanga mandazi na Mama. Ukaja na skafu yako ya njano shingoni, ukaketi jikoni, ukasema, "Zainabu, wasichana iko mingi, lakini kiongozi mwanamke hapana. Kuja."

Baba alikataa. Alisema vikundi vya gwaride ni kama jeshi, na jeshi liliwamaliza babu zetu. Ulimbembeleza mpaka akacheka. Siku niliyoapa kuwa mlezi wa kujitolea, ulinifunga skafu mwenyewe, ukainyoosha kama ulivyokuwa ukininyooshea kola tukienda shule. Ukanifundisha kuwasha kuni mbichi, kupanga watoto bila kupiga kelele, kumtuliza anayelilia kwao kambini. Nilijivuna kwamba nina kaka.

Kisha ikaja kambi ya Dranya. Ayikoru, mmoja wa watoto wa kikundi, alichelewa kurudi na maji, na Yona, kiongozi mwenzako, akampiga fimbo mpaka mkono ukavunjika. Nilikuwepo. Nilimpakata kwenye boda hadi kituo cha afya, akiuma kanga yangu asilie. Ulitukuta huko. Uliuona ule mkono. Ulimfuta mtoto machozi, halafu ukaniita nje ukasema, "Wacha mimi naongea na wazazi. Hii maneno ni yangu."

Nikakuachia.

Kwenye mkutano, mbele ya wazazi, ulisema mtoto aliteleza kisimani. Nilidhani nimesikia vibaya. Nikainuka, nikaeleza nilichokiona. Hukunikatiza. Ulisubiri nimalize, ukatabasamu, ukawaambia, "Munisamehe. Dada yangu alitaka huyu Yona amuoe, Yona akakataa. Sasa yeye iko na hasira."

Watu walicheka, Kaka. Hata wanawake waliokuwa wakinunua mandazi yetu. Yona mwenyewe aliinamisha kichwa. Mama yake Ayikoru peke yake hakucheka. Alinisogelea, akauliza, "Wewe iliona na macho yako?" Nikasema ndiyo. Tukaenda polisi pamoja. Yona alivuka mpaka kabla hawajamkamata, na haukupita muda ukapata kazi huko uliko.

Ulimtuma Mama aniambie ulisema vile ili kikundi kisife. Kikundi kilikufa. Wazazi waliwatoa watoto wao, na hadi leo nikipita sokoni Koboko hakosekani mtu wa kuniuliza kama Yona amerudi kunioa. Yona nilimjua ni mtu wa hasira. Wewe ulikuwa umetulia. Ulitafuta neno la kuniangusha mimi, ukalipata upesi, kwa kuwa umenijua tangu nazaliwa. Hapo ndipo panaponiuma mpaka sasa. Ningekusamehe uoga. Sijui nisamehe vipi lile tabasamu.

Sasa naishi Arua, na nimejiandikisha upya kuwa mlezi katika kikundi kidogo huko Aroi. Hakuna anayeshika fimbo, na mzazi anaruhusiwa kuja wakati wowote. Binti yako Salma, anayekaa nami kwa ajili ya shule, aliniomba nimwandikishe. Nilisitasita. Niliwaza, akisikia mtaani maneno uliyonisema, atamwamini nani?

Akaniuliza kwa nini niliacha kikundi cha Koboko. Tulikuwa tunachambua maharage. Nilimweleza kila kitu: maji, fimbo, boda, mkutano, watu walivyocheka. Jina la aliyesema uongo nililificha. Nilikuhifadhi, Kaka, hata baada ya yote.

Salma alichomoa mikono kwenye maharage. Kisha akasema, "Shangazi, na Baba alikuwa wapi?"

Ningeweza kusema ulikuwa safarini. Nilimwambia ulikuwa umesimama mbele, ukiongea.

Jumamosi tulikwenda Aroi, akaandikishwa. Bado hajanitajia jina lako, lakini najua siku moja atakupigia. Akikuuliza, mwambie kweli. Mimi sitamwambia zaidi.

Mungu akulinde huko.

Nduguyo wa tumbo moja,
Zainabu